Picha ya Dakika Mbili

Bochaberi alipoingiza kichwa ndani ya guo jeusi, harufu ya Joab ilikuwa imemtangulia humo. Sabuni ya kunyolea, moshi wa kuni, na ile dawa ya picha isiyotoka mikononi hata ukinawa kwa ndimu. Alifumba macho, akayafumbua. Mbele yake kioo cha nyuma ya kamera kilikuwa giza tupu.

"Usikimbilie," Joab alisema kutoka nje ya guo. "Nilikuambia nini siku ya kwanza?"

"Ningoje macho yazoee giza."

"Basi ngoja."

Akangoja. Polepole mashamba ya Roret yakaanza kujitokeza kwenye kioo, yakiwa yamepinduka: majani chai juu kama dari, anga chini kama maziwa yaliyomwagika. Siku za mwanzo kupinduka kule kulimtia kizunguzungu hata akashika ukuta. Sasa aliuona ulimwengu ulioanguka kichwa chini kuwa wa kawaida, na ule mwingine, wa watu wote, ndio ulioanza kumshangaza.

"Shusha mstari wa miti kidogo," Joab alisema.

"Nishushe kwenye kioo au nishushe kweli?"

"Kweli."

"Basi kwenye kioo napandisha."

"Mwalimu wako ni nani, mbona umejua hivyo?"

"Ni mtu fulani wa Nyakach, maneno mengi."

Joab akacheka, na kicheko chake kikapenya kwenye guo kikamgusa shingoni. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa maneno madogo ya kazi. Bochaberi alikuwa na kibanda cha picha za pasipoti pale Litein. Siku moja alienda kwa Joab, aliyekuwa akiuza vifaa vya picha, kutafuta taa ya mkono wa pili, akaona juu ya kabati kamera kubwa ya mbao yenye mvukuto wa ngozi, akauliza kama bado inafanya kazi. Ilikuwa ya marehemu baba yake Joab, ambaye aliitumia kupiga picha za maarusi mjini Kericho. Filamu yake haikuwa ya kuviringishwa. Ilikuwa vipande, kila kipande ukubwa wa kiganja, na kila kipande kilibeba picha moja tu. Ukikosea, umekosea. Joab alimwambia siku hiyo kwamba kamera ile haifai kwa mtu mwenye haraka, na Bochaberi akamjibu kwamba yeye ni mtoto wa mchuma chai, haraka angeijulia wapi.

Sasa Alhamisi hii, kabla ya jua kuchomoza, ilikuwa mara yake ya kwanza kufanya kila kitu peke yake. Naye Joab ndiye angesimama ndani ya picha.

Alitoa kichwa nje. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde, na mistari ya chai ilipanda mlima ikiwa imelowa. Wachumaji hawakuwa wamefika.

"Tata alinipigia jana," alisema, akimtaja baba yake, huku akikaza skrubu za miguu ya kamera. "Anasema Jumamosi wazee watakuwa wanne. Mama amenunua vikombe vipya."

"Vizuri."

"Mama yako bado anakuja?"

"Si nilikuambia alikubali."

"Alisemaje hasa?"

"Alisema sawa."

"Sawa tu?"

"Bocha, mwanga unapotea."

Mwanga haukuwa unapotea, ulikuwa ndio kwanza unaingia. Bochaberi alilijua hilo, lakini aliinamia kipima mwanga. Mwanamke anayempenda mtu hujifunza kuacha maswali mengine yalale.

"Kwa kiza hiki filamu inataka dakika mbili," alisema.

"Sahihi. Na nikisogea?"

"Utakuwa moshi."

Hilo Joab alimfundisha kwa picha moja iliyopigwa na marehemu baba yake, ya barabara kuu ya Kericho alfajiri. Barabara ile ilionekana tupu kabisa, ingawa watu walikuwa wakipita kwenda kazini. Katika picha ya dakika nyingi hubaki kile kilichosimama. Wapitao hawaandikwi.

Joab alishuka akasimama kando ya mkaratusi mmoja uliokuwa katikati ya chai. Alivaa sweta ya rangi ya krimu, mikono mfukoni, akamtazama Bochaberi kwa macho yale yale aliyomtazama nayo siku ya taa ya mkono wa pili. Bochaberi alihisi moyo wake ukiyeyuka kama mafuta kwenye kikaango. Jumamosi, aliwaza. Jumamosi huyu mtu atakaa mbele ya Tata, aulizwe amefuata nini, aseme jina langu.

Akaingiza kasha jembamba la filamu, akavuta kifuniko chake, akabana waya wa kufyatulia. Lenzi ikafunguka kwa mlio mdogo kama wa ulimi. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo.

Hakuwa amefika nusu alipomwona Joab akigeuza kichwa. Macho yake yaliruka hadi kwenye kona ya njia, juu, nyuma ya kamera. Uso wake ulibadilika. Kisha mwanaume yule mrefu alikunja magoti, akazama katikati ya mistari ya chai kama mtu aliyevutwa miguu kutoka chini.

Bochaberi hakuelewa. Aligeuka.

Mama Quinter, mama yake Joab, alikuwa akiteremka njiani kwa gambuti na leso ya kichwani, fimbo mkononi. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai hadi alipostaafu, na kipande cha shamba alichonunua kilikuwa ng'ambo ya kilima. Kila Alhamisi asubuhi huwa kwenye maombi ya akina mama. Ndiyo sababu Joab alikuwa amechagua Alhamisi. Bochaberi aliliona hilo sasa tu, kwa mara moja.

Hakuufunga mlango wa lenzi. Alikuwa amefundishwa kutouachilia waya kabla ya wakati, na mkono wake ulishika fundisho hilo wakati kichwa kilikuwa mbali. Alimaliza hesabu, akafunga lenzi, akarudisha kifuniko. Ndipo mama yule akafika.

"Umeamkaje, Bochaberi."

"Salama, mama. Na wewe?"

"Nimeamka na mgongo. Maombi nimeyaacha leo. Wachumaji wangu wakiona sipo wananichumia majani makubwa makubwa kama ya kabichi, halafu kwenye kituo cha kununulia chai wanayakataa." Alitua fimbo. "Hiyo ni kamera ya mume wangu."

"Ndiyo, mama. Joab aliniazima."

"Lini?"

"Kitambo."

"Kabla ya Pasaka?"

"Kwa nini Pasaka, mama?"

"Kwa sababu Joab aliniambia mliachana Pasaka."

Tone la umande lilianguka kutoka kwenye mkaratusi. Bochaberi hakutazama kule kwenye chai. Alitazama mikono ya mama yule, mikono mikubwa, safi.

"Alisema hivyo?"

"Aliniambia jikoni kwangu, akila. Alisema msichana ameelewa. Nikamshukuru Mungu. Nikakuonea huruma pia, lakini nilishukuru, sitakudanganya."

"Na Jumamosi, mama?"

"Jumamosi kuna nini?"

"Alisema mnakuja kwetu Keroka. Wazee wameitwa."

Mama Quinter alimkodolea macho. "Mimi? Keroka? Mwanangu, mimi Jumamosi nina mazishi Awasi."

Bochaberi aliushika mguu wa kamera. Ulikuwa baridi.

"Mimi sikuchukii," mama aliendelea. "Watu wa kwenu nimefanya nao kazi maisha yangu yote. Ugali wenu wa wimbi nimekula. Lakini huyu ndiye kijana niliyebaki naye. Siku nikilazwa chini kule Nyakach, ni nani atanililia kwa lugha yangu?"

Bochaberi akamjibu kwa Kijaluo. Alimwambia kwamba alizaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa chai, katika nyumba ambayo ukuta wake mmoja ulikuwa wa kwao na ukuta huo huo ulikuwa wa Wajaluo, na kwamba alijifunza kulia kwa lugha hiyo kabla hajajua sala kwa lugha ya mama yake. Aliyasema yote bila kujikwaa.

Mama Quinter alihamisha fimbo mkono wa pili. "Unakiongea kama mtoto wa Ahero," alisema. Kisha akainua sauti, akaipandisha kuliko ilivyohitajika kwa watu wawili waliosimama karibu. "Lakini mtu haolewi na lugha. Anaolewa na mwanaume. Kama mwanangu anakutaka, mbona hajaniambia? Mimi ni chui? Ana mdomo, ana miguu. Angesimama tu mbele yangu aseme, mama, ni huyu. Hata kama ningekasirika, ningekasirika nimalize. Mwanaume anayejificha nyuma ya sketi, leo ya mamake, kesho ya mke, huyo utamfanyia nini?"

Hakuna kilichosogea kwenye chai.

"Niambie, Bochaberi. Uko peke yako hapa?"

Inuka, Bochaberi alisema moyoni. Inuka sasa. Sitauliza kuhusu Pasaka, sitauliza kuhusu wazee, inuka tu na matope yako magotini. Alingoja. Ndege mmoja aliita kutoka bondeni, mwingine akaitika. Mbali, king'ora cha kiwanda kikalia kuita zamu ya asubuhi, kikanyamaza. Bado alingoja.

"Niko peke yangu, mama."

Mama Quinter aliitazama ile mistari ya chai kwa muda mrefu, kama mtu anayekadiria mavuno. "Basi kama uko peke yako," alisema kwa sauti ya chini, "rudi nyumbani. Kuna baridi." Akaichukua fimbo yake akaenda.

Gambuti zilipoacha kusikika, Joab aliinuka. Suruali ilikuwa imelowa hadi mapajani, na kwenye nywele zake kulikuwa na jani moja la chai.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Ulifanya vizuri kusema vile. Angenimaliza."

"Joab, wewe ni mtu mzima. Una ndevu."

"Hujui mama yangu."

"Nimemjua leo."

"Nilitaka nimwambie polepole. Ana presha. Nilikuwa natafuta siku nzuri."

"Na Jumamosi? Wazee wa kwetu ungewaambia nini?"

Joab aliangalia chini. "Ningekuja na rafiki. Tungesema mama ameshikwa na ugonjwa."

"Ungemsingizia mama yako ugonjwa mbele ya baba yangu, halafu unywe chai kwa vikombe vipya."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Nipe maneno. Wewe si mwalimu?"

Joab alimkaribia, akataka kumshika mkono. "Bocha. Nakupenda. Hilo hujawahi kulitilia shaka."

Hajawahi, kweli. Na hapo ndipo palipouma. Kama Joab angekuwa mwongo wa mapenzi, Bochaberi angemtupa pale pale kama maji machafu. Lakini Joab alimpenda kwa moyo wake wote, na moyo huo haukuwa na magoti ya kuubeba.

"Kasha lina upande wa pili," Joab alisema kwa upole. "Filamu moja imebaki. Turudie. Safari hii sitasogea."

"Filamu iliyobaki si ya kukufundisha kusimama."

Akaikunja kamera. Joab alitaka kubeba miguu yake, akamkatalia. Alibeba yote mwenyewe, mbao na chuma, hadi barabarani, bila kugeuka nyuma.

Alimpigia baba yake akiwa amekaa juu ya sanduku la kamera.

"Tata, waambie wazee wasije."

"Kuna kifo?"

"Hakuna."

Mzee Nyang'au alipumua kwenye simu. "Ni yeye au ni wewe?"

"Ni mimi, Tata."

"Mama yako alikuwa ameshavipanga vikombe."

"Najua."

"Haya. Tutavinywea wenyewe."

Bochaberi alikata simu kabla baba yake hajamsikia akilia.

Filamu ile aliisafisha Ijumaa, kwenye kijichumba nyuma ya kibanda, mlango ukiwa umezibwa kwa gunia na blanketi. Alitaka kuitupa, lakini kazi iliyoanzwa huwa inamvuta mtu. Filamu ilipokauka aliilaza juu ya karatasi ya picha, akaimulika, kisha akaitia karatasi kwenye dawa. Akatazama.

Ukungu ulikuja kwanza, kisha mistari ya chai, jani kwa jani, hadi umande uliokuwa kwenye ncha. Mkaratusi ulisimama mkali kama uliochongwa. Na kando ya mkaratusi kulikuwa na kitu cheupe hafifu chenye mabega. Hakikuwa na uso. Mahali pa kifua chake ungeweza kuhesabu vichaka vya chai vilivyokuwa nyuma. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na jambo hilo lilimtia hasira hata akalia.

Mama Quinter alifika Jumanne, siku ya soko, kibanda kikiwa tupu. Alikaa kwenye stuli ya wateja, mbele ya kitambaa cheupe, kama mtu aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Macho yake yalizunguka ukutani, yakatua kwenye ile picha ya mkaratusi.

"Huyu ni Joab."

"Umemjuaje, mama? Hana uso."

"Sweta hiyo niliifuma mimi." Alisogea karibu na picha. "Hata siku ile niliiona."

Bochaberi aliacha alichokuwa akifanya. "Uliiona?"

"Tangu kwenye kona. Nilimwona akizama kwenye majani kama mwizi wa kuku."

"Na bado ulisema yale yote."

"Niliyasema ili ainuke. Hukusikia vile nilivyokuwa nikipiga kelele? Nilimtukana hadi nikamwekea njia kabisa. Baada ya kukusikia ukinijibu kwa lugha yangu, angeinuka tu, hata angenitusi, ningekushika mkono pale pale. Nilingoja, mwanangu."

"Hata mimi nilingoja."

Nje, mwuza mahindi alikuwa akigombana na mteja juu ya magunzi. Waliwasikiliza kwa muda, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kutazamana.

"Yuko aje?" Bochaberi aliuliza. Hakutaka kuuliza.

"Hali chakula vizuri. Anakaa kwenye meza ya baba yake akipangusa lenzi zisizo na vumbi." Mama Quinter alinyoosha leso kichwani ingawa haikuwa imekaa vibaya. "Ndiye aliyenituma."

"Amekutuma wewe?"

"Amenituma nikuombe msamaha kwa niaba yake. Anasema kwa vile sasa mimi nimekubali, hakuna shida tena." Alilisema hilo akitazama sakafu, na Bochaberi akaona kwamba mama yule alikuwa na haya, haya nzito ya mzazi. "Na mimi nimekubali kweli. Nimekukubali wewe."

Bochaberi alikaa kwenye sanduku la kamera, magoti yake karibu yaguse ya mama. Maneno aliyomwomba Mungu tangu mwaka jana yalikuwa yamefika, yakiwa yameletwa na mtu asiyefaa kuyaleta.

"Mama, nikuulize kama ninavyomwuliza mama yangu. Ungekuwa mimi, ungeolewa naye?"

"Mimi ndiye niliyemlea."

"Najua."

"Nilimnyonyesha hadi akatembea."

"Najua, mama."

Mama Quinter aliwasikiliza wale wa mahindi hadi wakapatana.

"Hapana," alisema. "Nisingeolewa naye."

Bochaberi aliitikia kwa kichwa polepole. Akainuka, akalivuta lile sanduku hadi mlangoni.

"Chukua kamera yenu."

"Bakia nayo. Marehemu angefurahi. Joab mwenyewe hana mkono kama wako, naona kwa hiyo picha."

"Nikibaki nayo atakuja kuichukua. Atabisha hodi, atasimama hapo ulipo, aniite Bocha." Alilisukuma sanduku kidogo tena. "Mama, mimi si jiwe. Akiniita nitaitika."

Mama Quinter hakubishana tena. Alimwita kijana wa bodaboda, wakalifunga sanduku nyuma kwa mpira. Kabla ya kupanda, alimshika Bochaberi usoni kwa mikono yote miwili, kama anavyoshikwa binti anayeondoka nyumbani, ingawa aliyekuwa akiondoka ni yeye.

Walipopotea kwenye vumbi la soko, Bochaberi alirudi ndani kufagia. Kwenye msumari nyuma ya mlango aliona guo jeusi likining'inia. Lilikuwa limesahaulika. Alilichukua ili akimbie nalo barabarani, akafika kizingitini, akasimama.

Akafunga mlango. Akakaa kwenye stuli ya wateja, akajifunika guo lile kichwa kizima. Humo ndani bado kulikuwa na sabuni ya kunyolea na moshi wa kuni. Hakuwa na kioo mbele yake wala shamba la kutazama. Akafumbua macho, kama alivyofundishwa, akangoja yazoee giza.